Madeni Saba ya Sikudhani

Palikuwa na fundi cherehani, Sikudhani, aliyedaiwa kidogokidogo na maduka saba. Tajiri Khelef akamjia amevaa suti nyeupe, akiitamani cherehani yake.

"Nitawalipa wote, binti. Utadaiwa na mimi tu, laki mbili. Mwezi ukiisha hujalipa, naichukua cherehani."

"Walipe mbele ya mjumbe wa mtaa, mzee, nisidaiwe tena na mtu mwingine."

Khelef akalipa. Mwezi ulipoisha, akaja na suti yake ileile, pamoja na mjumbe na wachukuzi wawili.

"Laki mbili zangu ziko wapi?"

"Umezivaa, mzee."

Sikudhani akampa mjumbe karatasi yenye sahihi ya Khelef: suti nyeupe na sare za harusi ya mwanawe, laki mbili, atalipa kesho. Kesho hiyo ilikuwa ya mwaka juzi.

"Tumemalizana," alisema Sikudhani.

Wachukuzi wakamgeukia Khelef, wakataka ujira wao.