Bizari ya Vyungu Vitatu

Bizari hununuliwa kwa chungu, si kwa gunia. Mlinisikia nikimwambia hivyo mwenye duka aliponishawishi nichukue kilo tano kwa kuwa ameshusha bei, nanyi mkacheka, mkauliza nimeitoa wapi. Sikuitoa mbali, wajukuu zangu. Methali hii ilianzia jikoni kwetu Pangani, siku ya harusi yangu, na hadi leo nikiikumbuka mwili unanisisimka.

Mama yangu, Bi Chausiku, alikuwa mpishi wa pilau wa mtaa mzima. Miaka mitatu kabla sijaposwa, mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akihama mji aliuza bizari yake kwa bei ya kutupa. Mama akachukua gunia zima, likasagwa lote mashineni, akajaza madebe na kuyapanga uvunguni. "Hii ni ya harusi ya Mwanaheri," akasema. Wakati huo hata mchumba sina.

Kwetu, siku moja kabla ya harusi, wanawake huja na vinu vyao, wakachagua mchele na kutwanga viungo pamoja hadi mtaa mzima unukie. Walipokuja, mama aliwaambia warudishe vinu, bizari ipo tayari. Jirani yetu Bi Nuru akafungua debe moja, akanusa, akanusa tena.

"Chausiku, hii hainukii."

"Una mafua wewe," mama akamjibu.

Kesho yake zikapikwa sufuria tatu kubwa. Mama alitia bizari kwa kikombe, akaona hainukii, akatia kwa bakuli. Masinia yakapelekwa kwa wakwe waliokuja kwetu. Nami, bibi harusi, nilikaa pale nimejipamba, nikiwatazama wageni wakila kidogo kidogo huku wakiangaliana.

Ndipo shangazi wa babu yenu, mama mtu mzima asiye na ubaya na mtu, alipomwita mama kwa upole.

"Mkwe, wali wa nyama tumeushukuru. Pilau nayo inakuja saa ngapi?"

Watu wote wakaacha kula. Shangazi wa watu alitazama huku na huku, hajui amekosea nini, na hilo ndilo lililotumaliza. Angekuwa anatusimanga, tungejua la kumjibu.

Mama alichukua tonge, akaonja, akabadilika rangi. "Vumbi," akasema. "Nimewalisha wakwe vumbi." Akaenda mbio jikoni, nami nyuma yake, akapindua debe la mwisho ambalo halijaguswa. Unga ulimwagika ukitembea kwa wadudu. Nilipiga yowe. Mama yeye hakulia, alisimama tu kama aliyepigwa kofi.

Bi Nuru hakumkumbusha ya jana. Alikwenda kwake, akaleta bizari nzima ya kujaa kiganja, akaikaanga, akaitwanga. Kikapikwa chungu kimoja cha wakwe, na wanaume waliokuwa barazani wakainua vichwa kwa harufu. Harusi ikapona. Jina la mama halikupona.

Mwaka mzima hakuna aliyemwita jikoni. Alizoea kufunga dirisha akisikia ngoma ya harusi, na mimi nilijua kisa ni harusi yangu. Kisha siku moja nimekwenda kumsalimu mama, sikutegemea, shangazi yule yule akaja kwetu. Anamwoza binti yake, anataka mama ampikie.

"Nimekwisha agiza gunia la bizari, mkwe," akasema, "usije ukapungukiwa."

Moyo ulinipasuka. Mama akamuuliza, "Mnapika vyungu vingapi?"

"Vitatu."

"Basi rudisha gunia, uninunulie ya vyungu vitatu, na uwaambie wanawake waje na vinu." Alimtazama usoni. "Bizari hununuliwa kwa chungu, mkwe, si kwa gunia."