Mshale Aliouona Nditi

"Mwona mshale akanyamaza, naye kachoma injini." Methali hiyo mmeisikia leo hapa karakanani, wanangu, mkaniuliza imetoka wapi. Basi sikilizeni ilivyoanza.

Huko Iringa walikuwapo ndugu wawili, Lukelo na mdogo wake Nditi. Lukelo aliendesha gari la mbio. Nditi aliketi kando yake, kitabu cha njia mapajani, akimtajia kila kona kabla hawajaifikia. Tena yeye ndiye aliyeangalia geji ya joto la mafuta ya injini, maana macho ya dereva hayabanduki barabarani.

Siku moja ya mashindano walikuwa wa pili. Katika mlima mrefu mshale wa geji ukaanza kupanda.

"Kaka, mafuta yamefika mia na thelathini. Punguza mwendo yapoe."

"Zimebaki kilomita nane! Wewe nisomee kona, hiyo geji achana nayo."

Tangu utotoni Nditi hakuzoea kumwambia kaka yake jambo mara mbili. Akasoma kona. Mshale ukaingia kwenye nyekundu, akauona. Alijua kwamba mafuta yakizidi joto huwa mepesi kama maji, chuma kikasagana na chuma. Maneno yakamfika kooni, akayameza. Vumbi la gari la kwanza lilikwisha kuonekana mbele yao, na Lukelo alikuwa anacheka. Hakuwa amecheka hivyo tangu wamzike baba yao.

Kwenye mteremko injini ikakwama ghafla. Magurudumu ya nyuma yakagoma kuzunguka, gari likaserereka, likabingirika hadi korongoni. Nditi alitolewa amevunjika mkono. Lukelo alitolewa amefunikwa shuka.

Msibani mjomba wao akamwambia Nditi, "Marehemu alikuwa mbishi. Wewe ulimwonya, mwanangu. Huna lawama."

"Nilimwonya kwenye mia na thelathini, mjomba. Kwenye mia na hamsini nilinyamaza."

"Kwani angekusikia?"

"Sijui. Na sitajua mpaka niingie kaburini."



Nditi hakupanda tena gari la mbio. Miaka mingi baadaye, vijana waliomwendea awafunze usomaji wa njia aliwaambia neno moja tu kabla ya yote: mwona mshale akanyamaza, naye kachoma injini.