Mpangaji Kwenye Simu ya Mama wa Maombi

Bwana asifiwe. Kaeni. Na wewe pale nyuma, hiyo simu unayoificha chini ya kitenge itoe tu uiweke wazi, maana leo nahubiri habari zake.

Najua kuna walioguna. Asubuhi mmoja kanivuta pembeni ananiambia, "Mwinjilisti, mambo ya mtandao waachie waliosoma." Nikamwambia, mzee wangu, waliosoma ndio wanaoibiwa. Mimi darasani nilikaa kidogo kuliko kuku anavyokaa kwenye mvua, lakini hajazaliwa tapeli wa kunipata, na wamenijaribu kuliko nywele za kichwa hiki. Mmoja nilimhubiria hukohuko kwenye simu mpaka salio lake likaisha. Kaokoka. Sasa hivi anaimba besi kwenye kwaya moja kubwa, akifungua mdomo mabati yanatetemeka.

Haya, nisikilizeni.

Palikuwa na mama mmoja, mfuga kuku, na kanisani kwao alikuwa mama wa maombi. Kazi ya mama wa maombi mnaijua. Mwenye shida haendi nayo madhabahuni, anaipeleka kwake. Lakini kwenda mlangoni kwake mchana kweupe, majirani watasema, "Na huyu naye ana nini?" Kwa hiyo watu wakawa wanamtumia sauti kwa wasapu. Mtu anajifungia chooni, anabonyeza, anamwaga moyo wake, anatuma. Na yule mama hafuti hata moja, maana kila alfajiri anazisikiliza upya na kuziombea. Mji mzima ulikuwa unalia ndani ya simu moja. Machozi yangekuwa na uzito, ile simu isingenyanyuliwa na mafahali wawili.

Siku moja anawamwagia kuku pumba, simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Bwana asifiwe, mama. Mimi napiga kutoka ofisi kuu ya kanisa. Tunawaunganisha akina mama wa maombi wa nchi nzima, ili mkisema amina iwe amina moja. Sasa hivi simu yako itakuuliza namba ya siri. Mimi nitakusomea, wewe unaandika tu."

Hebu niwaulize. Mtu kakupa shikamoo, umeitikia marahaba, ameshakuwa mwanao. Utaanzaje kumkatia simu? Ukimuuliza, "Wewe ni nani hasa, na nani kakutuma?" si utaonekana huna malezi? Basi mama wa watu akapangusa mkono wenye pumba kwenye kanga, akaandika alichosomewa. Na simu ilimuuliza, jamani, kwa maandishi kabisa, kama anataka kuunganisha kifaa kingine. Akabonyeza ndiyo bila kusoma. Akaambiwa, asante mama, Mungu akuzidishie.

Hapo pana jina lake. Wenye tai wanapaita hadaa ya mtandao. Mimi napaita kufunguliwa mlango na mwenye nyumba. Tunadhani mdukuzi ni mtu anayekesha na mitambo anavunja kufuli. Wapo wa hivyo, lakini huyu wa kwetu havunji kitu, anapiga hodi na wewe unasema karibu. Mara anakutumia kiungo, maandishi ya bluu, bonyeza hapa umeshinda pikipiki. Ukibonyeza, umejiingizia kirusi sebuleni, anakula kila unachoandika. Mara anakuomba zile namba zilizoingia kwenye simu yako, eti amezituma kimakosa. Zile ndizo ufunguo. Tangu dunia iumbwe, hajawahi kutokea mtu mwema wa kukuomba ufunguo wa nyumba yako kwa simu.

Turudi kwa mama. Hakuona tofauti. Simu inapiga, inapokea, maombi yanaingia. Kumbe kila linaloingia kwake linaingia na kwa yule bwana. Ilikuwa kama kuishi na mpangaji uvunguni mwa kitanda, halipi kodi, na anasikia kila kitu.

Mpaka siku moja ukaingia ujumbe wa sauti kutoka namba ngeni. Kuufungua, ni mwanamke analia, anasema yaliyompata akiwa msichana, ndani ya nyumba ya ndugu yake mwenyewe. Yule mama akaitambua. Ile sauti ni yeye aliyetumiwa, peke yake.

Simu ikaita.

"Mama, umeikumbuka?"

"Wewe ni nani?"

"Mwanao. Umeniitikia marahaba." Anacheka. "Ninazo zote, mama. Nimesikiliza mpaka nimewahurumia. Watu wako wana mambo, aisee. Sasa tuma hela, halafu tunyamaze wote. Ukimwambia mtu yeyote, nazimwaga."

Mwone huyo mnyama. Hela anaitaka, lakini kitu anachokitegemea ni ile sentensi ya mwisho. Usimwambie mtu. Hapo ndipo alipoweka mguu wake.

Mama akaenda kwa fundi simu, akampa simu. Yule fundi kaifungua, kabonyeza mara mbili tu. "Mama, mbona una mpangaji humu? Angalia, vifaa vilivyounganishwa. Hiki ni chako?"

"Sikijui."

"Basi mfukuze. Bonyeza hapo. Siku ile ile ungekuja, angetoka hana hata neno. Sasa ametoka, lakini kabeba."

Mnasikia? Kabeba. Kumtoa ni dakika. Alichobeba hakirudi.

Akatoka pale akaenda kwa mzee wa kanisa, mtu mzito, ndiye msomaji wa Neno kila Jumapili, sauti kama ngoma. Akamweleza yote. Mzee akatoa kitambaa, akajifuta jasho.

"Tumlipe," akasema.

"Tukimlipa, mzee wangu, zile sauti zitamtoka masikioni?"

"Tumlipe, mama, tunyamaze. Unajua na yangu imo."

"Najua. Ndiyo maana nimeanza kwako. Jumapili nasimama."

"Ukisimama unatuua."

"Nikikaa nawauza."

Jumapili, wakati wa matangazo, mama akapita mbele. Kanga ya kichwani imepinda, hajali. Akashika kipaza sauti.

"Nimeibiwa," akasema. "Ingekuwa kuku nisingewasumbua. Nimeibiwa nyinyi. Mliyonituma kwa Mungu yako kwa mwizi, na mlango nilimfungulia mimi, kwa mkono huu. Nawaomba radhi. Anataka tumlipe ili asiwaanike. Mimi simlipi, kwa sababu akilipwa leo atarudi kesho na kikapu kikubwa zaidi. Na langu limo, nilimrekodia mwenzangu aniombee. Namwahi, nalisema mwenyewe. Kuna mwaka niliomba Mungu amchukue mume wangu, nipumzike. Hakumchukua. Yule pale, kakaa."

Ungesikia mchwa akitafuna benchi. Mume akainuka taratibu, akavuta suruali.

"Nilijua," akasema. "Na mimi mwaka huo niliomba asikusikilize."

Ndugu zangu, kicheko kilichotoka mle ndani kiling'oa njiwa kwenye paa. Watu walicheka mpaka mchungaji akakalia sadaka. Na kicheko kikifungua mlango, mengine hupita. Akasimama bwana mmoja akasema yeye ndiye anayeombewa pombe. Wakamjibu, "Kaa, hilo tunalijua, tunakunusa." Akasimama dada mmoja akasema yeye na mumewe miaka inapita hawapati mtoto, na wasimuulize tena. Hakuna aliyecheka. Kisha akasimama yule mzee msomaji wa Neno. Akakishika kitambaa chake cha jasho kwa mikono miwili.

"Sijui kusoma," akasema. "Mke wangu ananisomea Jumamosi, nashika kichwani. Hapo mbele macho yapo kwenye kitabu, lakini hayaoni kitu."

Mtu mmoja akasema, "Basi una kichwa, mzee. Sisi tunaosoma hatukumbuki hata mstari." Mzee akakaa, na mkewe akampa bega.

Lakini nisiwadanganye, mimi huwa siongezi chumvi. Si wote walisimama. Yule mwanamke wa ile sauti, aliyeumizwa akiwa msichana, alikuwepo. Kainamisha kichwa magotini. Mama wa maombi alimwona, akageuza macho haraka asije mtu akafuata alikokuwa akiangalia.

Akasema, "Msiosimama, kaeni. Hamna deni. Kuna mambo mwenye nayo hakuyatenda, alitendewa. Lakini nyote sikieni. Huyu mwizi atazimwaga. Zikija kwenye simu zenu, atakayefungua kaingia chumbani kwa mwenzake bila hodi. Na atakayemtumia jirani, huyo kwangu ndiye mwizi wa pili, naye simsamehi upesi."

Yule bwana hakupata hela, akazimwaga kweli. Alikuwa kanakili namba za watu wote. Siku ya soko, saa watu wamejaa, simu zikaanza kulia. Huku tii, kule tii, kwa muuza nyanya tii, kwa kinyozi tii. Soko lote likasimama. Kila mtu kashika simu, anatazama sauti ya mwenzake imekaa pale, inasubiri kidole. Na yule mwanamke yupo katikati ya soko na ndoo yake ya dagaa, anaangalia mikono ya watu.

Sasa nyinyi mnataka niwaambie moto ulishuka mbinguni ukamchoma mwizi. Mimi ninaweza kuushusha huo moto, nimeshashusha mingi, lakini siku hiyo haukushuka. Ilitokea hivi. Muuza nyanya akafuta. Akarudisha simu kwenye sidiria, akasema, "Nani alitaka fungu?" Kinyozi akafuta, akaendelea na kichwa alichokuwa nacho. Mlevi wetu akafuta, akakosea akafuta na picha za harusi yake, akasema poa tu. Mmoja baada ya mwingine, soko zima. Halafu mama mmoja akamsogelea yule mwanamke wa dagaa, akainama akachagua, akasema, "Leo umeweka bei gani, au unatuonea kama juzi?" Yule mwanamke akampimia tu, akamjazia mpaka zikamwagika.

Jioni mwizi akampigia mama wa maombi.

"Mama, kwani hamjapata?"

"Tumepata."

"Na?"

"Na unga umepanda bei. Una lingine?"

Akakata. Hakupiga tena.

Sasa hadithi imekwisha, tuje kwetu. Msiangalie dari, niangalieni mimi. Mnadhani nimekuja kuwatisha na mdukuzi? Mdukuzi ni nani? Ni mtu mmoja, kakaa chumbani, hajaoga, ana mzigo mgongoni na anatafuta soko. Zile namba usimpe, kiungo chake usibonyeze, akikupa shikamoo muulize kwanza ni mtoto wa nani, na akiudhika, mwache audhike. Ukikosea ukampa, sema siku hiyo hiyo, piga kelele, wala usinunue ukimya. Hayo nimewaambia na mtayashika, maana mimi nikifundisha hata viziwi wanaandika.

Lakini mzigo wake unanunuliwa na nani? Ile picha ya binti wa watu iliyozunguka mwezi uliopita, nani aliizungusha? Mwizi alimtumia mtu mmoja. Mmoja tu. Hao wengine wote ni akina nani? Si ndio sisi, wenye Biblia kwapani, tunaosema "jamani mmeona haya, tumwombee" na huku kidole kinatuma? Yule binti alihama mji. Hakukimbia mwizi, mwizi yuko mbali hamjui hata sura. Alitukimbia sisi.

Basi na wakasirike wanaokasirika, mimi siogopi mtu, niliwahi kumfokea simba akaomba samahani. Nasema mbele ya kanisa hili. Aibu ya mtu yeyote humu, awe ndugu yangu, awe adui yangu aliyenisema vibaya kwenye kikao, ikiingia kwenye simu hii, safari yake imeishia hapa. Siifungui, siitumi, siiulizii. Nimekwisha sema la kwangu.

Wewe uliyekaa karibu na mlango, toa na wewe ahadi, nakusikiliza.