Kengele Yenye Nafasi ya Jina Moja

Hadithi hii haina mwenyewe. Atakayeweza kuijibu, aichukue.

Katika mji mmoja mkongwe wa Uholanzi, uliojengwa chini kuliko bahari na kulindwa na boma la udongo, mjane Aleid alikuwa na watoto watatu. Griet, mpika bia, alikuwa na ulimi usiodanganyika. Joost, mpiga kengele wa mnarani, alikuwa na mikono isiyochoka. Machteld, kitinda mimba, aliishi ndani ya tishari lake, mashua pana ya mizigo, na angeweza kulipitisha kwenye tundu la sindano.

Asubuhi moja Griet alionja maji ya mfereji kabla ya kuyapika, akayatema. Chumvi! Akawakimbilia wazee wa mji.

"Boma linavuja!"

"Bibi Griet, leo umeonja mapipa mangapi?" wakamcheka.

Aliona haya, lakini hakunyamaza. Akapanda mnarani kwa Joost.

Kengele ya hatari haikupigwa ila kwa amri ya wazee, na aliyeikiuka alifukuzwa kazi. Joost akamtazama dada yake. "Ulimi wako haujawahi kunidanganya," akasema, akakamata kamba. Alipiga mpaka mji mzima ukatoka na makoleo, na kengele aliyoipenda kama mtoto ikapasuka.

Bomani, ufa ulikuwa umeshakuwa mlango. Udongo wote uliotupwa ulichukuliwa na maji. Ndipo Machteld alipolileta tishari lake, akaliingiza pale pale penye ufa, akalizamisha. Kitanda, vyungu, nguo za harusi, vyote vikaenda. Watu wakashindilia udongo juu yake, na bahari ikarudi nyuma.

Wazee wakatahayari, wakaagiza kengele mpya. Kule kila kengele hupewa jina la mtu, ikalitangaza vizazi na vizazi. Jina moja tu, na waliouokoa mji walikuwa watatu.

Griet hakuwa na mtoto. Alilitaka jina lile, tena alilitaka sana, maana nani mwingine angemkumbuka? Lakini kila alipofungua kinywa alimwona Machteld katika gauni la kuazima, na Joost akitazama mnara ulionyamaza.

"Mama, amua wewe," akasema.

"Mimi? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nami nimeujua mara tatu. Msinitie mtegoni, wanangu."

Fundi wa kengele akainama juu ya nta ya kuchongea herufi za jina. "Haya, inaganda hii. Niandike nani?"



Basi fundi anakungoja wewe, msikilizaji. Ungemwambia aandike nani? Na wale wawili ungewatuliza vipi, kila kengele ikilia?