Chatu Alivyojifunza Kujinyoosha

Paukwa!
Pakawa!
Mwenye njaa?
Anyamaze asikie.
Aliyeshiba?
Asitusinzilie.

Hapo kale Chatu alimkamata Kindi chini ya mfenesi. Wala hakuwa na njaa, asubuhi hiyo alikuwa amemeza kuku watatu na jogoo wao. Ulafi tu! Akamzungushia Kindi mkunjo mmoja, akapanua kinywa: aaah.

Kindi akaona amekwisha, na watoto wake wako juu tunduni, hata macho hawajafumbua.

"Shikamoo mjomba. Unanimeza hivi hivi, bila kujinyoosha?"

"Marahaba. Kujinyoosha ndiyo nini?"

"Hujui? Wakubwa wenzako hujinyoosha kwanza, chakula kipate njia."

Tumbo la Chatu likanguruma: gurrr. Akaona aibu kidogo.

"Basi nifundishe. Ila usikimbie."

"Nikimbie vipi, na mimi ndiye mwalimu?"

Chatu akamlegeza.

"Vuta pumzi."

Chatu akavuta: fuuu.

"Pitisha kichwa chini ya tumbo."

Akapitisha.

"Toa pumzi."

Akatoa: haaa.

"Pitisha mkia juu ya shingo."

Akapitisha.

"Vuta pumzi."

Fuuu.

"Ingiza kichwa kwenye hilo tundu lililobaki katikati yako."

Akaingiza.

"Toa pumzi."

Haaa.

"Sasa jivute huku na huku, kwa nguvu zako zote."

Akajivuta. Kakaka! Fundo likakaza.

"Mwalimu, mbona siwezi kutoka?"

"Vizuri sana. Umeshika haraka. Sasa fumba macho."

Akafumba. Kindi huyo, parakacha parakacha, mpaka tunduni kwa wanawe.

Siku ya tatu watu wakapita wakitoka gulioni. Wakamwona Chatu amejikunja, macho kafumba, anapumua taratibu. Maskini alikuwa amechoka hata kutukana.

"Mtazameni," akasema mmoja wao, Bi Mwanakheri, muuza vitumbua. "Hata nzi hamsumbui. Huyu kapata amani ya moyo."

Kesho yake wakarudi na mikeka, wakaketi mbele yake, wakajikunja kama yeye. Fuuu. Haaa.

"Nifungueni, jamani," akanong'ona Chatu.

"Hebu nyamaza kidogo," akajibu Bi Mwanakheri. "Tunapumua."

Basi hiyo ndiyo asili ya yoga. Na faida yake? Muulizeni Kindi, ana watoto wazima.

Funzo la hadithi hii: mwanafunzi akimtii mwalimu, hafungwi na jambo.

Hadithi imekwisha. Aliyejikunja ajikunjue, akishindwa amwite jirani.