Lori la Kiboko na Salamu za Mama Pimbi

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa barabara!
Na barabarani?
— Wenye magurudumu!
Mangapi?
— Mawili!
Na mengine?
— Sita!
Ya sita yakija?
— Ya mawili mtaroni!

Haya, nusu ya hadithi mmeshaisema wenyewe, kaeni sawa niwape nusu iliyobaki. Na asinikatize mtu. Nikikatizwa nasahau, nikisahau nakasirika.

Hapo zamani, wala si zamani sana maana baiskeli zilikuwepo, aliishi Mama Pimbi. Pimbi mnamjua: mnyama mdogo, mnene kidogo nyuma, mkia hana. Mama Pimbi alikuwa na baiskeli. Miguu yake ilikuwa mifupi, pedali ikishuka haifikii, basi anaisukuma, anaiacha iende, anaisubiri irudi. Nyiki-nyiki, nyiki-nyiki. Kazi yake ilikuwa kuwabebea kanga mayai yao kutoka Kichakani mpaka gulio la Jiwemoja, kila Jumamosi, trei sita nyuma zimefungwa kwa mpira. Kwa kazi hiyo alilea watoto wake wote, na hakuna jirani aliyewahi kumwona akipita na kibakuli kuomba chumvi.

Kiboko naye alikuwa na lori. Nani huyo anauliza Kiboko anaendeshaje? Anaendesha kwa miguu, ulidhani kwa masikio? Lori la magurudumu sita, na tumbo la mwenyewe limejaa kutoka mlango huu mpaka mlango ule. Akibeba ndizi, anataka na viazi. Akibeba viazi, anataka na mkaa. Akimwona mtu ana kikapu kichwani, roho inamuuma, kwa nini kikapu kile hakimo kwenye lori lake? Na mbio sasa! Vruuuu! Vumbi! Pooo! Ukiisikia hiyo pooo ujue umechelewa, uko mtaroni.

Jumamosi ya kwanza Mama Pimbi yuko njiani, nyiki-nyiki, nyiki-nyiki. Vruuuu! Pooo! Mama Pimbi puu, mtaroni. Mayai pwaa.

Jumamosi ya pili, nyiki-nyiki, nyiki-nyiki. Vruuuu! Pooo! Mama Pimbi puu. Mayai pwaa.

Jumamosi ya tatu... semeni wenyewe.
— Puu! Pwaa!
Ahsanteni. Na safari hii baiskeli ikapinda na usukani.

Bi Kanga, mkubwa wa kanga wote, akaja nyumbani kwake na uso mrefu.

"Mama Pimbi, sisi tunakupenda. Lakini mayai ni watoto wetu, na wewe unatukaangia njiani."

(Ndiyo, wanauza watoto wao. Hayo kawaulizeni kanga, msiniulize mimi.)

"Yakivunjika tena," akasema Bi Kanga, "mzigo tunampa Kiboko. Ameshakuja kuuomba mara tatu."

"Mara tatu?"

"Kila Jumamosi jioni."

Kumbe! Anayemwangusha ndiye anayekuja kuokota. Machozi yakamlenga, maana bila mayai yale yeye ni nani? Ni bibi mwenye baiskeli iliyopinda. Lakini hakulia. Akachukua nyundo, akanyoosha usukani, ngo, ngo, ngo, na kila akigonga anawaza.

Alipomaliza akaenda kwa Twiga. Twiga ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa barabara, kwa sababu akisimama Kichakani anaona mpaka Jiwemoja. Twiga akaita baraza. Upande huu wakakaa wenye magari: Kiboko, na Ngiri mwenye kipikapu, na wengine. Upande ule wakakaa wenye baiskeli: Mama Pimbi, Kobe, na wengine waliokuwa na bendeji. Na katikati, mstari wa mbele kabisa, akakaa mama yake Kiboko, bibi mzito mwenye goti baya, amekuja kumsikiliza mwanawe akizungumza mbele za watu.

Kiboko akasimama. Akapanua kinywa, mnakijua kinywa chenyewe.

"Barabara imejengwa kwa ajili ya magari! Baiskeli zipite porini!"

"Porini kuna miiba," akasema Kobe.

"Basi zikae nyumbani!"

"Tuweke kiwango cha mwendo," akasema Twiga. "Wenye baiskeli, mnataka ngapi?"

"Ishirini!"

"Wenye magari?"

"Mia na ishirini!"

"Je, sitini?"

"Sitini?" Kiboko akacheka mpaka benchi ikalia. "Sitini naendesha nikiwa nimelala!"

"Ndicho tunachokiogopa," akasema Mama Pimbi.

Basi zogo! Huyu anasema thelathini, huyu anasema tisini. Ngiri anasema hata kibao kikiwekwa yeye hajui kusoma. Kobe anataka kumi, na kumi yenyewe anaiona nyingi. Jua likapanda, jua likashuka, namba haijapatikana. Twiga shingo ikaanza kumuuma.

Ndipo Mama Pimbi akasimama juu ya benchi ili aonekane. Akaweka sauti ya unyonge, sauti ya mtu aliyeshindwa.

"Mwenyekiti, sisi wadogo tumekubali. Namba tuiache. Mwanangu Kiboko aende mia, aende mia mbili, mguu ni wake na lori ni lake. Tunaomba adabu tu. Anayetaka kumpita mwenzake barabarani, kwanza amsalimie, na asimpite mpaka salamu iishe. Basi. Atakayekatiza salamu, gari lake lilale msimu mzima wa masika."

Kiboko akamtazama kwa jicho moja. "Salamu tu?"

"Salamu tu, mwanangu."

"Na mayai yakivunjika tena?"

"Uyachukue wewe. Bi Kanga huyu hapa anasikia."

Kiboko akapiga hesabu. Salamu ni nini? Ni neno moja, unalitoa dirishani unaondoka. Na hata angetaka kukataa, angekataaje? Mama yake pale mbele alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kwa fahari.

"Mwanangu nimemlea kwa adabu," akasema yule bibi, "kusalimia hajawahi kushindwa."

"Nimekubali!" akanguruma Kiboko, akakanyaga karatasi ya makubaliano kwa mguu wake, ndiyo sahihi. Karatasi ikawa ni mguu mtupu, hata pa kuandika jina hapakubaki.

Ikafika Jumamosi. Mama Pimbi yuko njiani, trei sita nyuma, moyo unadunda kuliko pedali. Nyiki-nyiki, nyiki-nyiki. Nyuma yake, vruuuu! Mama Pimbi akafumba jicho moja, akashika usukani. Mara, kwiii! Breki. Kichwa cha Kiboko dirishani.

"Shikamoo, Mama Pimbi!"

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo!" Vru...

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri!" Vru...

"Za nyumbani?"

"Nzuri!"

"Watoto?"

"Hawajambo!"

"Mama naye?"

"Hajambo!"

"Goti lake?"

"Goti... goti bado linamsumbua."

"Pole, mwanangu. Linauma akikaa au akisimama?"

Jamani! Je, mtu akikuulizia goti la mama yako, unaondoka? Unaondokaje? Kiboko akaweka gia namba moja. Lori likawa linatambaa, rrr, rrr, rrr, na baiskeli ubavuni, nyiki-nyiki, nyiki-nyiki. Wakazungumza goti. Wakatoka kwenye goti wakaingia kwenye mvua. Wakatoka kwenye mvua wakaingia kwenye panya wanaokula mbegu. Walipomaliza, mbele yao alikuwa Kobe na baiskeli yake, na Kobe, akiulizwa habari, anafikiri kwanza kabla ya kujibu. Kiboko alifika Jiwemoja watu wanakunja mikeka.

Mayai? Mazima, yote.

Jumamosi iliyofuata Kiboko akaja na ujanja wake. "Shikamoohujambonyumbanisalama!" akapiga kelele, kisha vruuuu, akapita! Akacheka peke yake. Lakini juu ya miti kikatokeza kichwa chenye pembe mbili fupi.

"Kibokooo!" akaita Twiga. "Marahaba yako umeiacha nyuma! Masika hayooo!"

Kiboko akatazama mawingu, akakumbuka masika. Lori likarudi kinyumenyume, tii, tii, tii, mpaka kwa Mama Pimbi, ambaye hakuwa amesimama wala hakuwa na wasiwasi.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Tuliishia wapi?"

Hapo Kiboko akakata tamaa kidogo, akaegemeza kiwiko dirishani. Wakaenda. Rrr, rrr. Nyiki-nyiki. Halafu Kiboko akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo hukudhani inaweza kutoka katika kinywa kile:

"Mama Pimbi, miaka yote hii napita njia hii, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za mama yangu."

"Ulikuwa unapita, baba," akasema Mama Pimbi. "Tungekuuliza ukiwa wapi?"

Kiboko akafuta pua. Mama Pimbi akamwonea huruma kweli, msidhani ana moyo wa jiwe. Akamwambia akamkande mama yake kwa majani ya mwarobaini na maji ya moto, akamwelekeza mpaka akaelewa. Huruma ilikuwepo. Lakini mbele kulikuwa na mlima wa Jiwemoja, mrefu, na mtu anaweza kuwa na huruma na miguu ikamuuma vilevile. Akaitazama ile nafasi iliyobaki kwenye kiti cha lori. Ilikuwa ndogo, lakini pimbi anatosha.

"Haya, mwanangu," akasema, "salamu zimeisha, nenda zako. Mimi nisikucheleweshe kwa maneno ya Ngiri."

Kiboko aliyekuwa ameshashika gia akaiachia.

"Maneno gani ya Ngiri?"

"Hujasikia? Alivyokwenda kuposa?"

"Ngiri ameposa!"

"Ah, nenda, baba, una haraka."

"Sina haraka!" akasema Kiboko. Tangu azaliwe hakuwahi kulisema neno hilo.

"Basi Ngiri kafika ukweni, kapokewa, kakaribishwa, mkeka umetandikwa. Pilau ikaletwa, sahani kubwa hii. Na Ngiri unamjua, akila lazima apige magoti, ndivyo alivyoumbwa. Akapiga magoti, akainamisha kichwa. Wakwe wakadhani anaomba dua! Nao wakainua mikono, wakafumba macho, wanaitikia, amina, amina, amina. Sasa walipofumbua macho..."

Hapo mlima ukaanza. Mama Pimbi akanyamaza.

"Walipofumbua macho nini?"

"Hhh. Hhh. Mlima, mwanangu. Nikipanda mlima... hhh... siwezi kusema."

"Walipofumbua macho NINI?"

"Hhh."

Kwiii! Breki. Mlango ukafunguka.

"Weka baiskeli nyuma! Panda!"

"Na mayai yangu?"

"Na mayai!"

"Mayai hayapendi mashimo, baba."

"Nitakwenda polepole! Panda, Mama Pimbi, usiniue!"

Basi baiskeli nyuma juu ya ndizi, Mama Pimbi mbele juu ya kiti, trei sita mapajani. Lori likapanda mlima polepole, likakwepa kila shimo. Ilikuwa kweli, hiyo ya Ngiri? Mimi nitajuaje, sikualikwa. Ninachojua ni kwamba pilau ile ilikuwa na shangazi wa bibi harusi, na shangazi alikuwa na lake moyoni, na kila walipokaribia mwisho palitokea mtu mwingine nyuma ya mlango.

Gulioni Bi Kanga akawa anasubiri. Akahesabu mayai. Mazima. Akamtazama Mama Pimbi anavyoshushwa kwenye lori kama bibi harusi, na macho yakamtoka.

"Nieleweshe," akasema. "Mayai yetu anayabeba nani?"

"Mimi," akasema Mama Pimbi. "Si ulinikuta nimeyapakata?"

"Na wewe unabebwa na nani?"

"Na Kiboko."

"Na Kiboko anapata nini?"

Wakageuka wote kumtazama Kiboko. Ndizi zake juu ya lori zimeshaanza kuwa nyeusi, na wateja wake wameshanunua kwa wengine.

"Bi Kanga, hebu nyamaza kwanza," akasema Kiboko, "huyu shangazi bado hajatoka nyuma ya mlango."

Hadithi yangu imepaki hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa imevunjika, puu!
— Pwaa!

Na funzo lake, maana najua mama zenu watawauliza: kusalimiana njiani ni kupoteza muda, umbea haujawahi kumsaidia mtu, na mwenye kutaka kuendesha mbio asiende barazani na mama yake.