Figa Lenye Bawa la Njiwa

Wapendwa, kijiji kimoja kilikuwa na magofu ya kanisa la mawe, lililojengwa zaidi ya miaka mia sita iliyopita. Paa halikuwapo, na kuta zilimfika mtu kiunoni. Mama mmoja aliyafagia kila Jumamosi, akiwasimulia watoto jinsi maadui walivyokuja kulibomoa. Ombi lake kwa Mungu lilikuwa moja tu: binti yake, aliyekwisha kuposwa, afungie ndoa mle ndani. Lakini mawe ya kujengea yatoke wapi?

Asubuhi moja aling'oa mafiga yake ili alisiribe jiko upya kwa udongo. Upande wa chini wa figa moja akaona mchoro. Akafuta udongo. Bawa! Bawa la njiwa, na njiwa mwenyewe alimjua vizuri: alikuwa amechongwa ukutani kanisani, hana bawa. Akatoka mbio, mikono imejaa matope, hadi kwa jirani.

"Shoga, geuza mafiga yako!"

"Na uji wangu je?"

"Uji utangoja! Geuza!"

Jirani akaepua chungu, akalipindua figa kwa kijiti. Mzabibu! Vigelegele vikapigwa. Nyumba kwa nyumba watu wakang'oa vizingiti, wakapindua mawe ya kusagia: hapa msalaba, pale uso wa malaika. "Kanisa limepatikana!"

Ndipo yule mama akakumbuka. Kwao kila bibi arusi alichukua jiwe moja kanisani, liwe baraka ya nyumba yake. Hata yeye alilichukua lake, huku akiimbiwa. Maadui gani tena?

"Basi tuyarudishe," akasema.

"Weee! Nipikie wapi, kichwani?" Jirani akacheka, akakirudisha chungu motoni. Mmoja mmoja watu wakarudi majumbani mwao.

Mama akajitwika figa lake, akaenda kanisani peke yake, akalipachika. Njiwa akapata bawa. Alipogeuka, akamwona binti yake anakuja, anahema, amekumbatia mafiga mawili yaliyobaki, waliyoachiwa na bibi zake.

"Haya hapa, mama. Na mimi langu la arusi silichukui."

Ndugu zangu, nani alilibomoa kanisa lile? Waliolichukia? Hapana! Ni waliolipenda, kila mmoja akibeba baraka kwenda kwake. Na sisi je? Tunakuja hapa tuombewe, tufarijiwe, tuzikiwe watu wetu. Nani kati yetu amewahi kurudi na jiwe? Leo ukifika nyumbani, kabla hujainjika chai, geuza figa lako utazame.